Mwanamke wa Kadi Tatu

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani. Blanketi nimelielewa, maana baridi ya Embu mwezi wa saba haina adabu. Saa sijui ni ya nini, kwa kuwa sasa sina mahali pa kuwahi. Lakini mmoja wenu, yule dada mrefu anayekaa karibu na dirisha, aliniuliza keki ikiwa mdomoni: "Madam, kwani zamani hii kazi mlikuwa mnafanyanga na nini?" Nikamjibu kwa mkato, chai isije ikapoa. Jibu refu ndilo hili. Vyeo na mishahara nimeviacha, mnavijua na havichekeshi.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini kama karani wa kupiga chapa. Ulikuwa mradi wa kukusanya nyimbo na simulizi za watu wa Meru na Embu, kuzitia kwenye kanda, kisha kuziorodhesha kwa kompyuta ili mtu aweze kutafuta wimbo wa mavuno au wa harusi bila kusikiliza makabati mazima. Tulipanga nyumba ya vyumba vinne mjini Meru, juu kidogo ya Majengo, mtaa wa Waislamu. Adhana ya adhuhuri ilikuwa inaingia kwenye kila kanda tuliyorekodi mle ndani, mpaka tukajifunza kupanga kazi kwa saa za msikiti. Ninayo kanda moja ya mzee wa kanisa anayesimulia jinsi alivyobatizwa, na muadhini anamsindikiza toka mwanzo hadi mwisho.

Mkuu wetu alikuwa Daktari Akinyi, mwanahistoria, mtu wa upande wa ziwa, aliyekuwa akija kutoka Nairobi kila baada ya wiki mbili. Hakujua Kimeru wala Kiembu, na alilisema hilo waziwazi, jambo linalowashinda wasomi wengi. Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na mantiki, kwa hiyo ulivumilika.

Siku yangu ya kwanza alinipa fomu ya kuajiriwa. Nikajaza vizuri mpaka nikafika kwenye jina kamili la mume. Nikaandika Njeru, nikaweka kalamu chini.

"Njeru nani?" akauliza.

"Njeru tu, Daktari."

"Hana jina la pili?"

"Analo."

"Ni lipi?"

"Labda umuulize mwenyewe."

Alinitazama akidhani nimeolewa na mtu anayetafutwa na polisi. Ikabidi nimweleze. Jina la pili la mume wangu ni la baba yake, na kwetu mke wa mtu hatamki jina la baba mkwe, wala haliandiki. Ndiyo heshima tunayoiita nthoni. Mtoto wangu wa kwanza wa kiume alipewa jina hilo la babu yake, ndiyo maana tangu azaliwe namwita "Baba", na majirani wageni hudhani nimechanganyikiwa. Daktari alicheka, akaniambia mume wangu apite kujaza mwenyewe. Njeru akaja Jumamosi, akajaza, akaomba na chai.

Kompyuta ilikuwa moja, yenye skrini nyeusi na herufi za kijani. Niliiogopa kwa mwezi mzima. Niliishonea kitambaa cha uzi mweupe chenye maua pembeni, kila jioni naifunika. Aliyenicheka zaidi kwa hilo alikuwa Bwana Kiambi, fundi wetu wa sauti.

"Hii kitu umevalisha kama kochi ya bibi harusi," alisema. "Kesho utaiwekea na glasi ya maji."

Kiambi alikuwa mtu wa Kangeta, na alijifunza ufundi kwa kutengeneza redio sokoni, katikati ya kelele za wauza miraa. Hakuwa na cheti chochote. Alitafuna miraa mchana kutwa na kuzungumza kidogo, isipokuwa kama umeshika kinasa sauti chake vibaya. Yeye ndiye aliyenifundisha kusafisha kichwa cha kinasa kwa pamba na spiriti, kukaza kanda iliyolegea kwa penseli, na kutupa betri kabla hazijafa, maana betri inayokufa huivuta sauti ya mtu pole pole mpaka bibi anaimba kama fahali. Na alinifundisha kusikiliza. Kabla ya kurekodi chochote, alikuwa anavaa hedifoni na kukaa kimya dakika nzima.

"Usisikize maneno kwanza," aliniambia. "Maneno ni ya nyinyi watu wa ofisi. Wewe sikiza nyumba. Kama kuna kuku, kama kuna mtoto, kama kuna bati inalia. Halafu sasa mtu akianza kuongea utamjua."

Wakusanyaji wetu walikuwa vijana watatu, wote wanaume, wote wamemaliza sekondari, kila mmoja na pikipiki. Mmoja alipewa Mbeere, kule chini kwenye joto la Embu. Mwingine alipewa Buuri, kuanzia Ruiri. Wa tatu alibaki mjini. Hakuna aliyesema mwanamke asitumwe. Hakuna pia aliyeuliza. Mimi nilikuwa karani, mke wa mtu, mwenye watoto, na pikipiki sikujua hata inawashwa wapi, kwa hiyo ilionekana wazi kwamba kazi yangu ni kukaa na mashine. Vijana walikuwa wakirudi na saa tatu za mzee mmoja akisifu ng'ombe wake, na dakika nne za mke wa mzee huyo. Katika ripoti yetu ya kwanza tuliandika kwamba nyimbo za wanawake wa sehemu hizi ni fupi. Sentensi hiyo niliipiga chapa kwa vidole vyangu hivi, bila kuacha kosa hata moja la tahajia.

Kila msimulizi alikuwa na kadi moja. Jina, kijiji, kabila, dini, kazi, mume au mke. Maswali aliyatunga Daktari, fomu niliipanga mimi. Kwenye kompyuta kila jibu lilikuwa na nafasi ya herufi moja: K kwa Mkristo, I kwa Muislamu, na kadhalika. Ukiacha nafasi wazi, mashine ilipiga kelele na kukataa kusonga mbele. Kwa wanawake walioolewa kulikuwa na nafasi ya jina kamili la mume. Wengi waliiacha wazi, na mimi nikawafundisha vijana waandike XX tu, mashine inyamaze. Mnanisoma vizuri? Mimi, niliyemwambia daktari mzima aende akamuulize mume wangu, ndiye niliyekuwa nikiwajazia wanawake wenzangu XX na kuona wamekosa akili ya kujaza fomu.

Baada ya mwaka na kitu, kanda tupu zikaanza kupungua. Daktari akatoa agizo. Msimulizi mwenye vipande pungufu ya vitano aondolewe kwenye hazina, na kanda yake irekodiwe upya kwa mtu mwingine. Mimi niliambiwa nitoe orodha. Printa ililia nusu ya asubuhi, ikatoa majina kwenye yale makaratasi yenye matundu pembeni, nikaweka sahihi, nikampelekea Kiambi. Zile kanda nilimpangia mimi mwenyewe mezani kwake, kwa mpangilio wa namba.

Nilibakiza chache za kuhakikisha. Utaratibu ulikuwa kwamba nisikilize kidogo kila moja kabla haijafutwa, na mimi, kwa uvivu, nilishaanza kutia sahihi kwanza na kusikiliza baadaye. Nikavaa hedifoni, nikaweka mguu kwenye pedali, nikaweka kanda ya kutoka Siakago, Mbeere. Kadi ilisema: Tabitha, Mkristo, Mmbeere, kazi mkulima, mume XX. Ulikuwa wimbo wa kusagia, wa uwele kwenye jiwe, na Kimbeere nakielewa kwa kuwa kinakaribiana sana na Kiembu chetu. Mwanamke katika wimbo anaondoka kwao wakati wa njaa. Amebeba ngozi mbili za mbuzi na kibuyu chenye ufa. Anaagana na mlima wa kwao, na hapo wimbo unakatika. Haukufika mwisho. Anasikika akisema tu, "Basi, imetosha."

Nikaweka ya pili, ya Ruiri. Mama Karimi, Mmeru, mkulima, dini X, mume XX. Huu ulikuwa kwa Kimeru. Mwanamke anafika kwenye mashamba ya watu, anaomba kibarua cha kulima, na jioni anashona kibuyu chake chenye ufa kwa uzi wa katani. Kisha, "Basi, imetosha."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza mara mbili. Nikatoa hedifoni, nikavaa tena, nikafanya kama Kiambi, nikaacha maneno. Mwimbaji alikuwa na kawaida ya kuvuta pumzi kwa meno kabla ya kila ubeti, na alipokosea alicheka kwa pua. Kwenye kanda zote mbili. Nikatafuta kwenye kadi kama kuna kibuyu kingine, nikaona nimekwisha kuandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu: Halima, Majengo, Muislamu, Mswahili, mfanyabiashara, wimbo wa mgeni mwenye kibuyu, haujakamilika. Mume XX.

 Wanawake watatu hawakuwa watatu. Kwenye kadi tatu alikuwa na vipande viwili viwili, pungufu ya vitano kila mahali. Tukimuunganisha alikuwa na vingi kuliko mwanamke yeyote katika hazina yetu. Nilikimbia mpaka chumba cha Kiambi na hedifoni shingoni, waya ukinifuata sakafuni.

"Ya Halima iko wapi? Ya Majengo!"

Kiambi aliinua kanda mkononi, akaisoma ubavuni. "Hii? Hii nimepitisha saa hii. Si uko na sahihi yako hapa?"

Tuliiweka tukasikiliza. Kulikuwa na mistari minne ya mwanamke akiimba kwa Kiswahili, kisha sauti ya Kiambi: "Moja, mbili. Moja, mbili. Tisting." Akaendelea kuhesabu upande mzima.

"Pole," akasema, na akatema miraa yake, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya kabla haijaisha utamu. "Lakini mimi nafuta penye naambiwa nifute."

Alikuwa sahihi, na ndiyo iliyoniuma. Nimewahi kukosea mambo mengi kazini, na mengi nimeyasahau. Hili sijalisahau. Nilikaa kwenye kiti cha wageni nikalia kidogo, nikajipangusa na kitambaa cha kompyuta kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Daktari alipokuja nilimweleza yote kabla hajaweka mkoba chini. Nilitegemea kufukuzwa. Alizisikiliza kanda mbili, na ingawa hakuelewa hata neno, alizisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alipanga hii fomu ya kuuliza majina ya waume?" akauliza.

"Maswali ni yako, Daktari. Kupanga ni mimi. Na siku ya kwanza nilikueleza kwa nini mwanamke hawezi kujaza pale."

Akaitazama fomu. "Ulinieleza. Nikacheka." Kisha akasema, "Basi tumekosa wawili. Nenda umtafute. Nenda wewe, usimtume kijana."

Kumpata hakukunichukua hata dakika kumi. Alikuwa pale pale Majengo, mtaa wa chini yetu, nyuma ya bucha ya mumewe, akisafisha matumbo kwenye beseni. Mwanamke mnene wa miaka sitini hivi, mtandio umefungwa kisogoni, mikono imelowa mpaka viwikoni. Nikamwamkia, nikamwambia nimetoka kwenye nyumba ya kanda.

"Nilijua mtarudi," alisema. "Wale vijana wenu watatu waliniimbisha kisha wakapotea. Nikasema hawa wakija kuunganisha watashangaa."

"Wewe ulijua ni mradi mmoja?"

"Mwanangu, pikipiki zote tatu zina rangi moja."

Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia. Alisukuma beseni pembeni, akanipa kigoda, na akanieleza bila haraka. Kule Siakago, kwa kaka yake, yeye ni Tabitha, mtoto wa kanisa. Kijana alimkuta akiwa amekwenda kutembea, amezungukwa na akina mama wa kanisa, na wimbo ukiendelea mbele unafika Majengo, kwa Waislamu. Kaka yake hataki kusikia habari za Majengo tangu dada yake aolewe huku, kwa hiyo Halima aliukata. Ruiri ana shamba la kukodi, analima maharagwe na wanawake wa huko, nao humwita kwa jina la binti yake, Karimi, ambaye huku mjini ni Mariamu. Kijana wa Ruiri aliukuta wimbo wa kibarua kwa sababu walikuwa kwenye kibarua. Na hapa Majengo hakuimba ile sehemu ya kwanza, kwa kuwa ndani yake mna pombe ya uwele inayomwagwa chini, na majirani zake wangemsikia.

"Kila mahali niliwapa kile wenye nyumba wanaweza kusikia," alisema. "Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama una mwisho."

"Una mwisho?"

Hapo akabadilika uso. Wimbo ni wa mama yake. Katika ile njaa mama yake alitoka Mbeere na mimba, akalima Ruiri, akafika mjini akiwa hoi, na mwanamke mmoja Muislamu akampa chumba. Alijifungulia mle. Mtoto aliyezaliwa ni huyu aliyekuwa akiosha matumbo mbele yangu; njaa ilipoisha mama yake alirudi naye Mbeere, na alipokua akaolewa huku huku Majengo. Sehemu ya kuzaa haiimbwi mbele ya mwanamume aliye rika la mkwe wako, na vijana wetu wote walikuwa rika hilo. Kwa hiyo haikuwa kwenye kanda yoyote.

"Mama aliniachia wimbo mmoja, sina kingine chake," akasema. "Na tangu afe sijauimba mzima hata siku moja. Nimeuimba vipande mpaka mimi mwenyewe naogopa nimepoteza pale unapoungana. Nikifa hivi, umekufa."

Nikapiga moyo konde nikamwambia kwamba kipande cha Majengo nimekifuta mimi. Hakukasirika. Alirudi kwenye beseni lake. Mikono ilikuwa inakwenda taratibu zaidi. Nilipoinuka kuondoka alisema atauimba, mara moja, mzima, lakini wanaume watoke, na waje wasikilizaji wa sehemu zote tatu. "Nimechoka kuwakatia," alisema.

Wiki mbili zile nilizitumia kuivunja kazi yangu ya mwaka mzima. Niligawa faili kuu mara mbili. Moja ikawa ya mtu, ambapo kila mtu ana namba yake tu. Nyingine ikawa ya kikao: siku hiyo aliitwa nani, aliimba wapi, nani walikuwepo, nani alishika kinasa sauti, na aliacha nini kwa ajili yao. Dini, kabila na kazi nikazihamishia kwenye kikao, kwa sababu ndiko zilikobadilika. Nafasi ya jina la mume niliifuta. Nyinyi leo mnafanya hivyo kwa kubofya mara mbili na mnadhani ndivyo kompyuta zilivyozaliwa. Mimi nilifanya kwa disketi nne, stima ikipotea kila saa kumi, na Kiambi akiniletea chai bila kuombwa, jambo lililowashangaza wote.

Siku ya kurekodi ikafika, nyumbani kwa Halima. Kutoka Ruiri alikuja mwanamke aliyelima naye. Majirani wa Majengo walikuwa tayari, na buibui zao, na birika la chai ya tangawizi. Kutoka Siakago tulimwalika mke wa kaka yake, Esteri, mama wa kanisa kweli kweli, na sikutegemea kama atakuja. Alikuja, kitambaa cha kanisa kichwani, mkoba umekumbatiwa kifuani. Alikataa kiti kilichokuwa katikati akakaa karibu na mlango. Hakuwa amewahi kukanyaga pale tangu wifi yake aolewe. Walisalimiana kwa ncha za vidole.

Kiambi alitandika waya, akaweka maikrofoni juu ya kitambaa kilichokunjwa, akanivalisha hedifoni yeye mwenyewe.

"Hii sindano isigonge nyekundu," akaniambia. "Akipanda, wewe shukisha. Usikimbie. Na usiimbe na yeye, nakujua wewe."

Akatoka kwenda kukaa na mwenye bucha. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshika mashine, si karatasi zake. Nikakaa dakika moja kimya. Nilisikia mbuzi uani, na birika, na Esteri akihema. Nikabonyeza.

Aliianza sehemu ya Siakago kwa Kimbeere, na alipofika kwenye pombe ya uwele aliwatazama majirani zake, akaiimba hivyo hivyo. Hakuna aliyeanguka. Jirani mmoja alisema tu, "Astaghfirullah, basi endelea." Akavuka kwenda Kimeru, na yule mwanamke wa Ruiri akaanza kuitikia bila kuambiwa. Alipoingia Majengo akaingia kwa Kiswahili, na wanawake wa pale waliposikia chumba, na mkeka, na maji ya moto, wakaanza kupiga makofi polepole. Akaiimba sehemu ya kuzaa. Sitaiandika hapa, na mkitaka kuisikiliza masharti yake yamo kwenye kikao. Mtoto akazaliwa. Kibuyu kile cha kushonwa kikatiwa maji ya kumwogesha.

Na hapo akakwama.

Alivuta pumzi kwa meno, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akarudi nyuma mistari miwili, akafika pale pale, akakwama tena. "Umepotea," akasema, na machozi yakamtoka. "Mwisho wake umepotea." Sindano ya kinasa ililala chini. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha kuzima, na nashukuru niliogopa kukigusa.

Sauti ilitoka mlangoni. Ilikuwa nyembamba, ya kwaya, haijazoea jiwe la kusagia. Esteri alikuwa anaimba huku anatazama mkoba wake. Alimaliza mstari ambao wifi yake ameukosa, akaimba unaofuata, na baada ya hapo akaimba ubeti ambao Halima hakuwahi kuusikia. Ulikuwa kwa Kimbeere, na nilimwona Halima akishika meza. Kwa Kiswahili ni hivi: kibuyu changu nilikiacha Meru, msiniulize kwa nini, anayekinywea ni wangu, akiitwa jina hili ni wangu, akiitwa jina lile ni wangu.

"Hiyo si ya zamani," Halima akasema. "Hiyo umetoa wapi?"

Esteri alijibu kwa Kimbeere, kwa sauti ya chini, na kanda imeishika yote. Miaka ya mwisho mama mkwe wake alikuwa haoni, na wao wawili ndio waliobaki wakisaga. Alimfundisha wimbo wote. Ubeti huo aliuongeza baada ya Tabitha kuolewa, na alikuwa akiuimba mumewe Esteri akiwa shambani, ili asisikie. Akamwambia ampelekee mwanawe. "Nami nikaona aibu kuja," Esteri akasema. "Miaka yote hii. Nikasema nitaingiaje huku, mimi mtu wa kanisa. Unisamehe, Tabitha."

Halima alivuka chumba, akamwinua kutoka kwenye kile kiti cha mlangoni, akamleta katikati. Walianza tena kutoka pale kwenye maji ya kumwogesha mtoto, safari hii wawili, na wengine wote wakiitikia, kila mmoja kwa lugha yake. Sindano iligonga nyekundu na sikuishusha kwa wakati. Mkisikia pale sauti inapasuka kidogo, ni mimi.

Jioni Daktari alikuja pamoja na Kiambi, nikawawashia ile faili mpya. Halima na Esteri walikuwa wamesimama nyuma yangu, wamepita kuona hiyo mashine inayokula majina. Tulikuwa tumekwisha kuandika kikao, mahali, lugha tatu, waliokuwepo. Ilibaki nafasi ya juu kabisa, ya aliyeimba. Nilimwambia Halima achague mwenyewe tuandike vipi, Tabitha, Mama Karimi au Halima, na kwamba safari hii nafasi ni kubwa, hata yote yanatosha.

Aliitazama skrini, akamtazama mwenzake, akacheka kwa pua.

"Andika, mtu na wifi yake."

Daktari akauliza kama hilo ni jina. Nikamwambia ndilo, nikaandika.